Hadithi ya Mama kwa Ndimi Mbili

Ndugu msomaji, nakuomba leo unipe sikio lako nikusimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo si la kujisifia. Sisi walimu wa vyuoni tumezoea kuwahadithia watu makosa ya watu. Mara hii kosa ni langu.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana, ndio kwanza nimepewa ijaza na sheikh wangu Tanga, ndevu hazijajaa kidevuni. Waislamu wa Katesh walikuwa wakitafuta mwalimu wa kuwasomesha watoto wao, nami nikapelekwa. Katesh ni mji ulio chini ya mlima Hanang, mlima uendao juu zaidi ya meta 3,400. Siku zile ulikuwa katika mkoa wa Arusha, maana mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Barabara ya Babati kwenda Singida, ambayo leo ina lami, wakati ule ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na tope masika. Mimi mtu wa pwani niliyezoea joto la Tanga nililala na makoti mawili, na alfajiri maji ya udhu yalinikata vidole.

Waislamu walikuwa wachache. Wengi wao walikuwa Wairangi waliotoka upande wa Kondoa, na Wanyaturu wa Singida, na wenye maduka. Wenyeji wa nchi ile ni Wairaqw, ambao watu wengine huwaita Wambulu, na Wabarabaig wafugaji, ambao wakati ule walikuwa mahakamani kwa ajili ya malisho yao ya upande wa Basotu yaliyokuwa yamegeuzwa mashamba makubwa ya ngano. Mimi hayo sikuyajali. Nilikwenda kusomesha Kurani, na kichwani nilikuwa na ramani ndogo sana: kuna pwani, penye elimu na adabu, na kuna bara.

Sasa sikiliza ajabu. Mwalimu yeyote wa Kurani wa kwetu ajua taabu ya herufi mbili, ha na ain. Mtoto wetu wa Kiswahili husema "alhamdu" kwa ha ile ile anayochekea. Ukimwambia aitoe kooni, hukohoa. Ain ndiyo usiseme. Nilimwona sheikh wangu, Mungu amrehemu, akimgusa mtoto koo kwa vidole viwili kumwonyesha mahali herufi inapotoka, na mtoto akalia kwa kudhani anakabwa. Basi wiki ya kwanza Katesh aliketi mbele yangu mtoto wa miaka minane, baba yake Mrangi, mama yake Mwiraqw aliyesilimu. Akaanza Fatiha. Ha ikatoka katikati ya koo, safi, kama aliyelelewa Hadhramaut. Na ain ikafuata vile vile. Nikamwuliza, "Ulisoma wapi kabla yangu?" Akasema hakusoma popote.

Sababu yake niliijua baadaye sana. Kiiraqw si lugha ya Kibantu. Ni katika jamaa ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali, nayo ina ha ya koo, ina ain, ina qaf na ina kha. Wakiiandika kwa herufi za Kirumi, ha hiyo huandikwa kwa h mbili, na ain huandikwa kwa kimstari kilicholala, hivi: /. Ndugu wa kiume kwa lugha yao ni hhiya, na mwanamke ni /ameeni. Neno la kwanza laanza kwa ha, la pili laanza kwa ain. Mtoto yule alinyonya makharija ya herufi pamoja na maziwa ya mama yake, mambo ambayo mimi niliyapata kwa miaka mitatu na bakora.

Na bakora ndiyo niliyompa. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilitoka kwa haja fulani, niliporudi nikakuta mbao zimelazwa chini na watoto wamemzunguka. Alikuwa akiwahadithia hadithi ya fisi kwa lugha ya mama yake. Mara asema, mara aimba, mara achechemea kama fisi mwenyewe, na hata watoto wa Kirangi na Kinyaturu wasiojua neno moja walikuwa wamejishika mbavu. Nikampiga fimbo mbili. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Hapa ni chuoni, si porini. Ukija hapa, uje na lugha ya watu."

Lugha ya watu! Kana kwamba mama yake aliyemzaa hakuwa mtu.

Hakulia. Alikwenda akaketi mahali pake akaokota ubao wake. Akahitimu Kurani mbele ya wenzake wote, na usomaji wake hata leo ningeuweka mbele ya msikiti wowote wa pwani. Lakini katika miaka mitano niliyokaa Katesh sikumsikia tena akihadithia kitu.

Huenda, msomaji wangu, ukanitetea. Utasema zama zile ndivyo zilivyokuwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, na sisi watu wa pwani tulitembea kifua mbele kuona lugha ya nyumbani kwetu imekuwa lugha ya taifa zima. Hilo ni neema, na sitaki mtu aliguse. Kiswahili ndicho kilichoniwezesha mimi wa Tanga kufahamiana na Mnyaturu na Mbarabaig bila mkalimani. Lakini serikali yenyewe haikuniagiza kumpiga mtoto kwa lugha ya mama yake, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikuja kusema wazi kwamba watu waendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao za jamii, na kwamba ziandikwe na kufasiriwa. Na kabla ya sera yoyote tulikuwa na Kitabu. Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, yazihesabu tofauti za ndimi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na Sura ya Ibrahim, aya ya 4, yatufundisha kuwa kila Mtume alitumwa kwa ulimi wa watu wake apate kuwabainishia. Aya hizo nilikuwa nazo moyoni kwa hifadhi tangu utotoni. Nilizisoma kwa ghuna nzuri kabisa siku ile ile niliyomchapa.

Niliondoka Katesh mwaka 1989, nikarudi Tanga, nikaoa, nikasomesha, nikazeeka.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimegeka. Tope, mawe na magogo vikashuka kwa njia za maji hadi Katesh na Gendabi, vikachukua nyumba na watu. Waliofariki walikuwa zaidi ya 80. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Hapa msikitini kwetu tukachanga nguo, mablanketi na kidogo cha fedha, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua njia, nikatumwa tena na vijana wawili. Mji sikuujua. Mahali nilipokuwa nanunua maziwa palikuwa pamejaa udongo mweusi na mawe yenye ukubwa wa ng'ombe.

Katika msikiti mtu mmoja mwenye ndevu zilizochanganya mvi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu. "Maalim, shikamoo. Hunijui?" Sikumjua hata aliponitajia jina. Nilimjua aliposimama kuadhini sala ya adhuhuri: herufi ilipotoka kooni, nikamwona mtoto wa miaka minane.

Nyumba yake ilisalimika. Siku zile alikuwa akishinda na kulala katika shule moja iliyohifadhi watu waliopotelewa na nyumba, akigawa maji na uji. Akanieleza kilichompata huko. Usiku wa tatu mvua ilianza tena kupiga juu ya bati, na mtoto mmoja mdogo akapiga kelele, akikataa kulala kwa kudhani mlima unakuja. Mama yake alimbembeleza, hakusikia. Ndipo bibi mmoja mzee aliyekuwa amejilaza pembeni akaanza kuhadithia kwa Kiiraqw, sauti ya chini, bila haraka. Chumba kizima kikanyamaza. Mtoto akalala kabla hadithi haijafika mwisho. Mwanafunzi wangu akasema, "Maalim, binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa pamoja nami. Akaniuliza, baba, bibi anasema nini? Nikataka kumfasiria, nikaona aibu. Hadithi ile ni ya mama yangu. Binti yangu hakuwahi kuisikia kwa lugha yoyote."

Mama yake alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi nyuma.

Kabla sijarudi akaniletea daftari kubwa la shule alilokuwa ameanza kuandika. Kurasa za kushoto Kiiraqw, kurasa za kulia Kiswahili, mstari kuelekea mstari. Hadithi tisa. Na juu ya kila hadithi ameandika kwa wino mwekundu: nimeipokea kwa mama yangu, naye kwa mama yake, au, nimeipokea kwa mjomba, naye hakusema ameipokea kwa nani. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuandika hivyo. Akacheka. "Wewe, Maalim. Ulitufundisha kuwa habari isiyo na msimulizi wake haina miguu." Ya fimbo hakuitaja. Aliniomba nichukue daftari Tanga nimsahihishie Kiswahili, kisha yeye atafute namna ya kulichapa kwa watoto wa Katesh na wa kokote.

Wako watakaouliza, sheikh mzima ana haja gani na hadithi za fisi na sungura? Ndugu yangu, umesahau ulivyolelewa. Nani katika sisi hakulala kwa paukwa pakawa? Nani hakucheka visa vya Abunuwasi? Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Waislamu wamekisoma tangu karne ya 8 alipokifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu kutoka lugha ya Wafursi, asili yake ni visa vya wanyama vya Bara Hindi, na hakuna aliyesema Waislamu wameingia porini. Na Mtume (S.A.W.) ametupa ruhusa ya kuzisimulia habari za Bani Israili, akaweka mpaka mmoja mkali: asizuliwe yeye uwongo.

Na kuandika ndimi mbili ukurasa mmoja, hilo ndilo la kwetu kabisa. Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate alipoifasiri Hamziya ya al-Busiri, wanakili waliandika ubeti wa Kiarabu na chini yake wa Kiswahili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, lilikuwa na Kiswahili na Kiarabu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipotoa tafsiri yake ya Kurani mwaka 1969, Kiarabu na Kiswahili vilikaa pamoja, nasi sote tulisomea humo. Hata hadithi za wazee wetu wa Unguja alizozikusanya padri Steere zilichapwa London mwaka 1870, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande huu. Kwa hiyo lugha yetu imekaa bega kwa bega na Kiarabu na Kiingereza, ikaheshimika. Ilipofika zamu ya Kiiraqw kukaa bega kwa bega na lugha yetu, mimi niliita porini.

Wala yeye si wa kwanza. William Kamera, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizikusanya hadithi za Wairaqw zikachapwa katika miaka ya 1970. Kamusi kubwa ya Kiiraqw kwa Kiingereza, ambayo Martha Qorro ni mmoja wa watungaji wake watatu, ilitoka mwaka 2002. Kazi kubwa hizo, Mungu awalipe. Lakini vitabu vya namna hiyo hukaa vyuo vikuu, na binti yule wa miaka kumi na miwili yuko Katesh.

Basi nikalichukua daftari Tanga. Na hapa, msomaji, nikafanya kosa la pili.

Nilisahihisha! Palipoandikwa "fisi akasema" nikaandika "fisi akanena kwa sauti ya ghiliba." Palipokuwa na ugali nikaweka wali, kwa kuwa niliona karamu haiwi karamu bila wali. Nikampa mfalme wa hadithi kilemba. Mwisho wa kila hadithi nikatia mawaidha ya mistari mitano. Na palipotajwa netlangw, hao pepo wa majini ambao Wairaqw wa kale waliwahofu kwenye chemchemi, nikafuta nikaandika "shetani." Palipotajwa Lo'a, jina ambalo wazee wao walimwitia Mungu na ambalo ndilo jina la jua, nikafuta nisiandike kitu.

Mwaka uliofuata nikampelekea, nimefurahi. Alisoma kimya kurasa nne. Kisha akasema kwa heshima, macho chini: "Maalim, unisamehe. Kiswahili hiki kizuri kuliko changu. Lakini fisi wa mama hasemi hivi. Na nimeandika juu hapa kuwa nimeipokea kwa mama. Nikiyaacha haya, nitakuwa nimemzulia."

Sikuwa na jibu. Maisha yangu yote nimefundisha uaminifu wa riwaya: kwamba msimulizi hufikisha alichokisikia kama alivyokisikia, na akiongeza lake aseme hili ni langu. Mwanafunzi alikuwa amelifahamu somo kuliko mwalimu.

Tukakaa siku mbili barazani kwake tukiyarudisha yote. Wali ukawa ugali tena. Kilemba kikavuliwa. Juu ya netlangw na Lo'a tulibishana sana, maana mimi sikuwa tayari mtoto wa Kiislamu asome hayo akaona ni itikadi, naye akasema watoto wake wanajua tauhidi, wasichokijua ni nyanya yao alikuwa akisimulia nini. Mwishowe tuliacha maneno kama yalivyo, na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, tukaandika kwamba hivi ndivyo walivyoamini watu wa zamani kabla ya Uislamu kuwafikia. Binafsi ningependa herufi hizo ziwe kubwa kidogo. Yeye alisema ndogo zatosha.

Tukafika hadithi ya mwisho. Ni ya msichana aliyekataa wachumba wote, akamfuata mgeni mzuri wa sura aliyekuwa fisi. Ndugu yake mdogo, mwenye vidonda, aliyefukuzwa asimfuate, akamfuata kwa siri na ndiye aliyemwokoa. Bila shaka umeitambua: mimi niliisikia kwa bibi yangu Tanga, ila kwetu bwana harusi ni zimwi. Katika hadithi ya Katesh msichana aimba akimwita ndugu yake, na wimbo ndio uwaonyeshao njia ya kurudi.

Upande wa kulia wimbo uliandikwa kwa Kiswahili, maana yake tu, mistari saba. Upande wa kushoto ilikuwapo mistari saba mitupu. Nikadhani amesahau kunakili. Nikamwuliza.

Akasema, "Maneno yake sinayo, Maalim. Maana ninayo, na sauti yake ninayo." Akaivumisha sauti ile, mdomo umefumba. "Neno nililobaki nalo ni moja, hhiya. Mama alikuwa akiimba nami namwitikia. Kisha nikaacha kumwitikia, naye akaacha kuimba."

Nikamwuliza aliacha lini. Akaangalia daftari, akasema alikuwa bado chuoni.

Hapo ndipo nilipomtajia mimi ile siku ya fimbo, nikamwomba anisamehe. Alisema amekwisha kusamehe zamani, na kwamba fimbo hazikumuuma. Nilimwamini katika yote mawili. Kisha tukanyamaza kwa muda, hata mkewe akatoka kutazama kama tunahitaji chai.

Nami nyumbani kwangu nikatazama. Wazee wetu wa Mtang'ata walikuwa na Kiswahili chao, Kimtang'ata, chenye ladha yake. Jirani zetu wana Kisegeju, Kidigo, Kibondei. Nina wajukuu kumi na mmoja, wawili wako Maskati. Nikiwasemesha kama bibi yangu alivyonisemesha, hucheka wakidhani nimekosea. Hadithi zao ziko ndani ya simu. Na wewe uliyekuwa ukinisikitikia Katesh, mwite mjukuu wako leo umwimbie wimbo wa zimwi, uone kama maneno unayo yote. Mimi nilijaribu. Ubeti wa pili umenitoka.

Siku ya tatu tulikwenda Endasak, kwa kuwa mtu alituambia huko yuko mwanamke mzee wa rika la mama yake. Tulimkuta jikoni akichambua mahindi. Alipoelezwa haja yetu alinitazama mimi na kofia yangu, akauliza kitu, wakacheka, na mwanafunzi wangu hakunifasiria. Kisha yule bibi akafumba macho, akaanza. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kwenye wa nne akasimama, akarudi mwanzo, akaimba tena, akasimama pale pale. Akasema huenda dada yake aliyeko Nangwa anaujua, ila hasikii vizuri.

Mwanafunzi wangu alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, daftari juu ya paja, akiandika. Binti yake alikuwa nyuma yake akiitikia, hhiya, hhiya, na ha ilitoka mahali pake.

Mistari mitatu imejaa. Minne bado ni mitupu, na Nangwa tutakwenda mvua zikipungua, inshaallah.